Kahawa Iliyowekwa Chini

Jumapili, 3 Agosti

Joto. Vumbi. Vumbi hadi ndani ya mkate.

Basi jingine la kurudi Syria limeondoka leo asubuhi. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Mdomo ulipiga, mimi mwenyewe sikuwepo. Yule dada wa darasa la kina mama alituambia tuandike kila siku tunavyojisikia, eti kifua kitakuwa chepesi. Haya. Sijisikii kitu. Nimeandika.

Mama Qasim, jirani yangu wa bati kwa bati, amekuja kuazima kamba ya kufungia magodoro. Na yeye anaondoka wiki hii na mumewe. Nikamuuliza, unaniacha na nani hapa kambini Zaatari? Akasema, "Mgeni siku mbili, shoga, ya tatu mpe jembe. Sisi tumekaa miaka kumi na miwili na hata hilo jembe wametunyima!" Akacheka peke yake. Ndani ya kijumba kumekuwa tanuri, na yeye anacheka.

Kamba nimempa. Sina cha kufunga.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo zamu ya damu. Gari la shirika lilituchukua mapema, mimi na Rawan, hadi hospitali ya Amman. Shirika linalipa, sisi tunakaa tu na kunyoosha mkono. Mwanangu alizaliwa na damu isiyojitosheleza. Kila wiki tatu anaongezewa ya watu, na hiyo ya watu inamletea chuma mwilini, na hicho chuma kinatolewa kwa dawa ya sindano, kimashine kidogo kinachofungwa tumboni akilala. Bila damu anafifia. Bila sindano chuma kinakula moyo. Nimeyasema haya kwa watu wengi sana wenye kalamu, sasa yananitoka kama bei ya nyanya.

Tuna mchezo wetu. Mfuko ukitundikwa namuuliza, "Ya nani leo?" Akasema, "Ya mvivu mmoja, mama. Naanza kusinzia." Mara iliyopita ilikuwa ya dereva wa teksi, akawa anamtukana kila mtu kwenye korido.

Mwanamke mmoja wa Homs alikuwa pale na mwanawe. Yeye anaishi mjini, chumba cha chini ya ardhi, kodi ya nyumba shirika limeacha kumsaidia. Akaniambia ninyi wa kambini mna raha, bati la bure! Nikamwambia karibu ulale kwenye bati langu Agosti hii, uje na unga, utoke mkate. Kisha akanigawia nusu ya mandazi yake.

Jumatano, 6 Agosti

Ami amesema.

Ami ni baba yake Dhiyab, na Dhiyab ni mume wangu. Siandiki marehemu. Alirudi kijijini kumchukua mama yake, Rawan akiwa tumboni, na hakuonekana tena. Ndiyo yote tunayoyajua. Mzee akabaki na mimi, mimi nikabaki na mzee, mtoto akazaliwa humu humu kwenye vumbi.

Baada ya chakula akafuta mikono, akasema, "Utawala umeanguka, magereza yamefunguliwa. Makaburi yanafunguliwa. Nakwenda kumtafuta mwanangu, hata kama ni mfupa. Mkifungasha, dele la kahawa lifungwe kwenye blanketi, lisibonyee."

Mkifungasha. Sisi.

Nikasema, "Ami, na damu ya Rawan?"

"Mungu aliyempa damu yuko na huko pia."

Nikaokota sahani. Kituo cha afya cha kijijini kwetu kimebaki kuta, Mama Qasim aliulizia kwa simu. Damu iko Damascus, ukibahatika. Sindano hakuna kabisa. Nilitaka kusema haya yote. Nikaosha sahani. Maji yaliisha kabla sahani hazijaisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Laith wa shirika. Ni kijana wa Amman, ana ndevu zilizochongwa na viatu visivyoshika vumbi, sijui anafanyaje. Mpole lakini. Ananiita mama, ingawa tumepishana miaka michache tu.

Alieleza taratibu. Sisi watatu tuna faili moja. Mkuu wa kaya ni ami. Akitia saini ya kurudi, faili linafungwa lote, na Rawan anatoka kwenye orodha ya hospitali siku hiyo hiyo. Faili linaweza kugawanywa, sisi tubaki, yeye aende, lakini ni lazima mzee aseme kwa kinywa chake.

Nikamwambia mwambie wewe. Akasema, "Mama, sisi hatuingilii mambo ya familia." Jumanne atakuja nyumbani kumhoji, kuhakikisha hakuna aliyemlazimisha kurudi.

Nani amlazimishe ami! Hata punda wake kule kwetu alikuwa akiomba ruhusa.

Rawan akaniuliza tukirudi, bila kunitazama, "Mama, huko nitakufa, au nitachoka tu?" Nikasema utachoka tu. Akasema, "Basi nimeshazoea." Akaendelea kupaka kucha rangi. Mimi nikasimama pale na ndoo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Qasim ana akili kuliko ofisi nzima. Anasema dawa ya mzee wa kwetu Hauran ni wazee wa Hauran. "Wapeleke watu wazima wamwekee kahawa chini!"

Kweli. Ndivyo tulivyoolewa sote. Wazee wanaingia, wanakaribishwa, wanapewa kahawa, hawanywi. Wanaweka vikombe chini. Mwenye nyumba hawezi kuwaacha hivyo, ni aibu ya ukoo. Akisema kunyweni, haja yenu imepatikana, wananywa, na neno halirudi tena. Na ami alivyo na kiburi! Wengine huuliza haja kwanza. Yeye husema kunywa kwanza, ndipo anauliza. Nusu ya mizeituni yake iliondoka kwa kikombe kimoja. Bibi harusi mmoja pia.

"Haya," nikasema, "nitajie wazee."

Tukahesabu kwa vidole. Huyu kaondoka na basi la Mei. Huyu Juni. Yule amekufa. Amebaki kinyozi, ambaye ni kiziwi na ni mtu wa Homs. Na mume wake Mama Qasim, ambaye hasemezani na ami tangu wagombee dishi la televisheni.

Nikasema basi nitaweka mimi. Mama Qasim akashika kifua. "Mwanamke haweki kikombe, wala hawekewi. We Khitam!" Kisha akafikiri. "Ila sheria za nani hizo? Za wanaume waliokwisha kupanda basi."

Lakini sikuweka. Nilimpelekea ami kahawa yake, akanywa, nikarudisha kikombe.

Jumapili, 10 Agosti

Mama Qasim ameondoka. Ameniachia beseni, kamba yangu, na nusu chupa ya mafuta ya zeituni. Alisema nikilia atashuka kwenye basi. Sikulia. Si kwa ajili yake. Machozi hayakuja tu.

Bati la jirani sasa linapiga kelele upepo ukivuma. Zamani halikuwa likisikika, kwa mdomo wake.

Jumanne, 12 Agosti

Niandike yote, nisije nikadhani nimeota.

Laith alikuja saa nne na kishikwambi chake. Ami alikuwa tayari tangu alfajiri. Kanzu safi, kilemba chekundu, kahawa kaikaanga mwenyewe, iliki kaitwanga mwenyewe, mimi kanifukuza jikoni. Jikoni ni pazia na jiko la gesi, mtu anafukuzwa hatua mbili.

Ami akajimiminia kwanza, akaonja, kama inavyopaswa. Kisha akammiminia mgeni. Laith akapokea kwa mkono wa kulia, akashukuru vizuri. Akakiweka kikombe chini kwenye mkeka. Akawasha kishikwambi.

Rawan akanipiga kiwiko mbavuni. Mimi najua, wale wa shirika wamekatazwa kula wala kunywa nyumba za watu. Kanuni. Wote hufanya hivyo, kwa kawaida hukataa mlangoni kabisa. Huyu alipokea, labda kwa adabu, halafu kanuni ikamkumbuka.

Ami hajui kanuni. Ami anajua kahawa.

Akajinyoosha. Nilimwona anakuwa mtu wa zamani, mwenye mizeituni na wageni arobaini. Miaka kumi na miwili hakuna aliyekuja kwake na haja. Yeye ndiye mwenye haja kila siku — unga, gesi, blanketi, dawa ya magoti. Akarekebisha kilemba, akasema kwa ile sauti yake, "Kunywa kahawa yako, mwanangu. Haja yako imepatikana."

Laith akainua macho. "Ahsante, mzee, lakini mimi sina—"

"Haja yake ni Rawan, ami," nikasema.

Ni mimi niliyesema. Nilikuwa nimeshika pazia. "Rawan abaki na hospitali yake, na mimi nibaki naye. Hiyo ndiyo haja aliyoijia."

Yallah! Mwanamke anasema mbele ya mgeni, tena anamsemea mgeni. Ami hakugeuka kunitazama. Alimtazama Laith. "Ni kweli?"

Kijana akanitazama mimi, akamtazama Rawan na kucha zake nyekundu, akatazama kikombe. Ni mtu wa mjini, lakini hata mjini wanaposa. Nikaona amefahamu. Jasho lilimtoka kwenye zile ndevu zake. Angeweza kusema hapana.

Akachukua kikombe, akanywa chote.

Ami akafumba macho kidogo. Akasema, "Neno limetoka." Akamjazia tena. Laith akanywa. Akamjazia tena! Kijana hajui kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Alikunywa vitatu, uchungu umemkunja uso, hadi Rawan akamwonyesha kwa mkono, tikisa, tikisa.

Palepale ami akasema kwa kinywa chake kwamba faili ligawanywe. Akaweka kidole gumba.

Mlangoni Laith akaninong'oneza, "Mama, wataniachisha kazi."

"Kwa kikombe cha kahawa?"

"Kwa vitatu."

Nilitaka kumshukuru. Badala yake nikamwambia asikanyage maji. Ameondoka. Nikaketi. Nilidhani nitafurahi. Labda kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Ami hasemi nami. Si kwa hasira. Anapanga vitu vyake kimoja kimoja, rundo lake, rundo letu. Bakuli mbili kwetu, moja kwake. Dele kaliweka katikati, kisha kaliweka upande wake, kisha kalirudisha katikati.

Nani atampikia huko? Nani atamsugua magoti? Atazunguka na picha ya Dhiyab kila mlango, peke yake, na kiburi chake. Nimefanya mimi hayo. Najua nimeyafanya. Na ningeyafanya tena leo, kabla ya chai.

Jumapili, 17 Agosti

Nilikuwa kwenye foleni ya duka la kambi, pale tunapolipa kwa kutazamisha jicho kwenye mashine, simu ikatetemeka. Meseji ya shirika. Nikaisoma. Zamu yangu ikafika, nikatazamisha jicho, mashine ikalia, nikapewa mchele na sukari, nikatoka, nikaisoma tena.

Kutokana na upungufu wa fedha. Matibabu ya hospitali za mjini. Yatasitishwa kuanzia mwezi ujao. Tunasikitika kwa usumbufu utakaojitokeza.

Usumbufu!

Nikampigia Laith. Akasema ndiyo, imetoka juu, ni kwa kambi na mji, kwa wote. Nikamuuliza tufanye nini. Akasema kuna shirika jingine, ataulizia, hawezi kuahidi. Akasema, "Na mimi mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, mama. Si kwa sababu ya kahawa." Nikamwambia pole. Akasema pole na wewe. Tukabaki hewani tunapeana pole.

Meseji nimeifuta. Sijamwambia mtu. Nilipika mchele, ukaungua, tukaula.

Jumatatu, 18 Agosti

Basi la ami ni keshokutwa. Nikimwambia, atasema basi fungasheni, twende wote. Na huko hakuna kitu. Nisipomwambia, anaondoka anaamini amemwachia mjukuu wake hospitali. Na hapa pia hakuna kitu. Nimegeuza hili jambo pande zote kama chapati. Halivimbi.

Neno lake alilitoa. Kalitoa bila kuuliza, likamgharimu sisi sote wawili, mimi na Rawan. Na kile alichotupa kwa neno hilo kimekwisha kufa. Ninamtazama anapokula na ninaona aibu. Hiyo angalau nimeihisi. Dada wa darasa angefurahi.

Jioni alimwita Rawan amwonyeshe namna ya kujaza ile sindano ya usiku. Mikono yake inatetemeka, dawa ikamwagika kidogo, Rawan akamgombeza, "Babu, unanywesha mkeka!" Akajaribu tena. Na tena. Nikajua anatafuta kisa cha kukaa naye kabla ya safari. Nikawaacha.

Jumanne, 19 Agosti

Nimemwokea mikate ya njiani. Nimemshonea kifungo. Nimemwekea mafuta ya zeituni ya Mama Qasim. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara ya tatu akaniambia, "Khitam, inzi ataingia."

Jumatano, 20 Agosti

Basi ni saa mbili. Mizigo iko mlangoni. Upepo umetulia leo.

Ami alitengeneza kahawa. Nikaja na sinia kumhudumia, akaniambia weka sinia, keti. Akanionyesha mahali. Ni mahali pake, pale kwenye godoro la ukutani, anapokaa mwenye nyumba. Yeye mwenyewe akaenda akakaa karibu na mlango. Anapokaa mgeni. Magoti yakalia.

"Mimina," akasema.

Nikamimina. Nikaonja kwanza, sijui nani aliniamuru, mkono ulifanya. Kisha nikammiminia. Akapokea kwa mkono wa kulia.

Akakiweka chini.

Nilidhani amekisahau. Nikasema, "Kunywa, ami, inapoa, njia ni ndefu." Hakunywa. Alirekebisha kilemba chake, akaweka mikono juu ya mapaja, akatazama mkeka. Mwanamke hawekewi kikombe!

Rawan alikuwa amekaa ubavuni kwake. Hakunitazama. Alikuwa anabandua rangi ya kucha. Ndipo nikafahamu, mjinga mimi. Mkuu wa kaya alikuwa ami. Ile meseji iliingia na kwenye simu yake. Na ami hajui kusoma. Anayemsomea kila kitu ni Rawan.

Tangu Jumapili wanajua. Walikula ule mchele ulioungua, wananitazama, wanajua.

Na sindano. Alikuwa anajifunza kujaza sindano, amjazie Rawan huko kwetu.

Nikauliza, "Haja yako ni nini, ami?"

Hakujibu. Ana haki. Yeye hakumuuliza mtu haja kwanza, maisha yake yote. Alisema kunywa, kisha akauliza. Jumanne ile alisema kunywa, na nikamchukulia mjukuu. Sasa ananingoja mimi.

Rawan akasema polepole, akitazama kucha zake, "Mama, kahawa ya babu inapoa."

Nje wanaita majina. Basi limepiga honi, na tena. Nimesema nakwenda kuleta sukari, niko hapa nyuma ya pazia, naandika nikiwa nimesimama. Kahawa yetu haitiwi sukari. Wote wawili wananisikia sishiki kopo, na hakuna aliyeniuliza.